Sukari ya Asubuhi kwa Mtoto Mnene

Mtoto mnene wa miaka 11 akipimwa sukari asubuhi kabla ya kula na jibu likawa 5.8, mzazi asipuuze, wala asikate tamaa.

Usiku ini hutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose nguvu, na insulini ya kongosho hulizuia lisizidishe. Kwa viwango vya Chama cha Kisukari cha Marekani, baada ya saa 8 bila kula jibu la kawaida ni chini ya milimoli 5.6 kwa lita. Kuanzia 5.6 hadi 6.9 ni hatua ya kuelekea kisukari, 7.0 na zaidi, kipimo kikirudiwa na kuthibitisha, ni kisukari.

Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, mwili huwa sugu kwa insulini. Kongosho huongeza juhudi, na sukari inaweza kubaki ya kawaida kwa miaka. Kwa hiyo jibu zuri la asubuhi pekee halimtoi mtoto mnene hatarini. Apimwe pia shinikizo la damu, mafuta ya damu na hali ya ini.

Mkague shingoni kwa nyuma na makwapani. Ngozi iliyoiva weusi, nene, laini kama mahameli, isiyotakata hata kwa dodoki, si uchafu. Mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi. Usimgombeze kwamba hajui kuoga. Mpeleke kituo cha afya.

Hapa Singida, ambako udumavu bado unatusumbua, unene wa mtoto huonekana neema. Lakini chakula chetu cha asili kinatosha: ugali wa mtama au uwele, mlenda, kunde, kuku wa kienyeji. Kinachoharibu ni soda, juisi za paketi, maandazi na chipsi za kila siku. Soda ya mililita 350 huwa na sukari takriban gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Mafuta ya alizeti nayo yapimwe kwa kijiko.

Acheze angalau dakika 60 kila siku, kwani misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Asishindishwe njaa, maana bado anakua. Nyumba nzima ibadili mlo pamoja naye.

Akiwa na kiu isiyokatika, akikojoa mara kwa mara na kukonda ghafla, afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Asipokuwa na dalili hizo, 5.8 inatupa muda wa kuzuia ugonjwa. Tuutumie.