Damu ya kitovu na mtoto mwenye selimundu: Kanisa linafundisha nini?

Wazee wetu walifukia kondo la nyuma na kitovu cha mtoto kwa heshima, na hadi leo mtu akiulizwa kwao ni wapi, hutaja mahali kitovu chake kilipozikwa. Basi mwamini wa Handeni au Korogwe akisikia kwamba damu ya kitovu hukusanywa ili kutibu wagonjwa, ni haki yake kuuliza kama jambo hilo ni halali.

Damu inayobaki ndani ya kitovu na kondo baada ya mtoto kuzaliwa ina seli shina, yaani seli zizaazo damu yote ya mwili, sawa na zile zilizomo katika uloto wa mifupa. Mwezi Oktoba 1988, jijini Paris, Daktari Eliane Gluckman na wenzake walimpandikizia mtoto wa kiume kutoka Marekani damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Mtoto huyo, aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu, alipona, na tangu hapo tiba hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Mama Kanisa hana kipingamizi. Hati ya Dignitas Personae, iliyotolewa mwaka 2008 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, inataja waziwazi, katika kipengele cha 32, damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa kuwa miongoni mwa vyanzo halali vya seli shina, kwa kuwa mtolewaji hapati madhara makubwa. Kinachokataliwa ni kuziangamiza mimba changa ili kupata seli hizo. Vilevile haifai kutunga mimba kadhaa maabara, kuchagua ile inayolingana na kaka mgonjwa na kuzitupa nyingine. Mtoto hazaliwi ili awe dawa ya mwingine.

Kwetu swali hili lina uzito kwa sababu ya selimundu. Aliyerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu katika maeneo ya malaria kama Korogwe, palipofanyiwa majaribio ya chanjo ya RTS,S. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kupata mtoto mgonjwa. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka.

Hapa pana jambo ambalo matangazo ya kampuni za kuhifadhi damu ya kitovu hayalisemi kwa sauti: damu ya mtoto mwenye selimundu haiwezi kumponya yeye mwenyewe, kwa kuwa imebeba kasoro ileile. Inayoweza kumfaa ni ya ndugu asiye mgonjwa ambaye tishu zao zinalingana, na ndugu wa baba na mama mmoja hulingana kikamilifu mara moja tu kati ya nne. Tena damu hiyo ni kidogo, yahitaji kugandishwa katika baridi kali mno, na mara nyingi haimtoshi mtu mzima. Mzazi asiuze shamba kwa ajili ya ahadi hiyo.

Njia iliyo karibu zaidi nasi ni uloto. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, wachangiaji wakiwa ndugu zao. Wengine wengi husaidiwa na haidroksiyurea, chanjo, na kuwahi hospitali homa inapoanza. Wachumba nao wapime kabla ya ndoa: si ili kukatazana, bali waingie wakijua.

Na mama anayejifungua asikubali kitovu kikatwe haraka ili damu ikusanywe. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri walau dakika moja, kwa maana damu hiyo humwongezea mtoto madini ya chuma, naye ndiye mwenye haki ya kwanza juu yake.