Karata Zilizochanganywa na Saa

Askari achezaye karata baada ya zamu humkazia macho yule anayezichanganya. Je, zikichanganywa na kompyuta, tuyakazie wapi?

Karata 52 zaweza kupangika kwa namna nyingi hata idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68. Kompyuta haizihifadhi zote. Hupewa namba moja ya kuanzia, nayo programu huikokotoa hadi ukapatikana mgao. Namba ileile huleta mgao uleule daima. Hivyo katika mashindano yatosha kutaja namba, na meza zote zikapata karata sawa. Balaa huja namba zikiwa chache.

Mwaka 1999 wataalamu fulani wa Marekani waliuchunguza mchezo wa poka uliochezwa kwa fedha katika intaneti. Wenye mchezo walikuwa wameitangaza wenyewe kanuni yao ya kuchanganya karata, ati kuthibitisha uaminifu! Namba ya kuanzia ilitoka kwenye saa ya kompyuta: sehemu za elfu za sekunde tangu usiku wa manane, ambazo kwa siku nzima ni 86,400,000 tu. Wataalamu wakailinganisha saa yao na ile ya mchezo, zikabaki kama 200,000. Wakiwa na karata mbili mkononi na tatu zilizofunuliwa mezani, programu yao ilizipekua namba hizo na kuzianika karata za kila mchezaji, pamoja na zile ambazo hazijafunuliwa bado.

Sisi tubadilishao saa za doria kila usiku twaielewa hila hiyo bila mwalimu. Namba ya kuanzia yapasa iwe ndefu kama hesabu ya karata zenyewe, wala isitoke kwenye saa ambayo adui naye anaitazama.