Kabla Hujauza Kuku Ununue Prado au Discovery ya Dizeli, Soma Hapa

Leo tuweke pembeni kidogo chanjo ya kideri na samadi ya mchicha, tuzungumze gari. Usishangae. Kila ninapopita Bunju, Mabwepande, Chamazi na Mbagala, swali hili linanifuata: "Bwana shamba, nimeona Discovery ya dizeli yadi, bei nzuri kabisa, nichukue?"

Kuna mfugaji wa upande wa Temeke anataka kuacha kuingiza vifaranga raundi mbili mfululizo ili hela ya vifaranga na chakula iende kwenye gari. Hapo ndipo suala linapokuwa la kilimo. Mtaji wa banda ukiingia kwenye gari na gari likafa, umepoteza vyote viwili kwa mpigo. Gari la kifahari la dizeli lililotumika ni kama ng'ombe wa kisasa. Kununua ni siku moja, kulisha ni kila siku. Sasa tuyaangalie moja moja.

1. Land Rover Discovery 3 (2004 hadi 2009)

Hili ndilo linalowavuta wengi, kwa sababu linauzwa bei ya chini ukilinganisha na ukubwa na starehe yake. Lile la dizeli lina injini ya V6 ya lita 2.7, yenye turbo, na injini hiyohiyo utaikuta kwenye Range Rover Sport za miaka ile. Ukiwa barabarani ni raha tupu. Magonjwa yake yanajulikana:

- Krankshafti na beringi zake. Huu ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote. Beringi inazunguka mahali pake, oili inakosa njia, krankshafti inakwama au inakatika kabisa. Mara nyingi haitoi taarifa. Ikitokea, hutengenezi, unatafuta injini nyingine.
- Mikanda ya taimingi. Uingereza kiwanda kilisema ibadilishwe kilomita 168,000 au miaka 7, kipi kinaanza. Kwa joto letu, vumbi na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, usisubiri namba hiyo. Kumbuka pia kuna mkanda wa pili nyuma ya injini unaozungusha pampu ya mafuta. Fundi asiyeijua injini hii anabadilisha wa mbele tu, anakuacha na bomu.
- Gari kusimama kwa upepo. Mengi hayana springi za chuma. Yana mifuko ya upepo na kompresa inayoijaza. Mfuko ukivuja, kompresa inafanya kazi muda wote mpaka inaungua. Ukiona gari asubuhi limelala upande mmoja, jibu umepata.
- Breki ya mkono ya umeme. Ikilia kama chuma kinachosagwa ujue imejaa uchafu au imepoteza marekebisho yake. Barabara za tope na mchanga wa huku kwetu haziihurumii.
- Vali za EGR na turbo. Masizi yanaziba vali, gari linakosa nguvu na kutoa moshi. Turbo yenyewe imekaa mahali pabaya, mafundi wengi huinua bodi nzima kutoka kwenye chasi ndipo waifikie vizuri.

Hiyo ya mwisho ishike sana. Kwenye Discovery gharama kubwa mara nyingi siyo spea, ni ufundi. Kifaa kidogo cha kushika mkononi kinaweza kudai siku mbili tatu za gereji kwa sababu kimefichwa. Tena gari hili zito, tani mbili na nusu na zaidi, linakula bushi za miguu ya mbele haraka kwenye mashimo.

2. Toyota Prado ya dizeli

Wengi wanasema "Toyota haifi". Inakufa, ila inakupa nafasi ya kuomba msaada. Tofautisha injini mbili.

*1KZ-TE, lita 3.0.* Hii ni ya Prado za miaka ya 1996 hadi 2002 na Hilux Surf za wakati huo. Ni imara, lakini haivumilii kuchemsha. Rejeta ikiziba au maji yakipungua, silinda hedi inapasuka. Dalili ni maji kupungua bila kuona yanakovuja, mapovu kwenye rejeta, na moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto. Muuzaji akikwambia "ongeza maji tu kila asubuhi", msalimie uondoke.

*1KD-FTV, lita 3.0 D-4D.* Ipo kwenye Prado zilizofuata na kwenye Hilux na Fortuner nyingi. Tatizo lake kubwa ni nozeli. Washa ndogo ya shaba chini ya nozeli ikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili na kuifanya nzito kama lami. Masizi yale yanaziba chujio la oili lililo chini kabisa ya injini, presha ya oili inashuka, injini inanoki. Yaani washa ya bei ndogo inaua injini nzima! Ukisikia injini inagonga kwa nguvu asubuhi ikiwa baridi, peleka nozeli zikapimwe mapema.

Mkanda wa taimingi wa Toyota hizi hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, kutegemea gari lilitengenezwa kwa soko gani. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka muda ukifika. Angalia vizuri: wapo wanaoizima taa bila kugusa mkanda.

3. Mafuta yetu na nozeli zao

Injini hizi za kisasa zinapiga mafuta kwa presha kubwa sana, na pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, ule ulaini unapungua, pampu inasagika, na vumbi la chuma linakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Mnakumbuka enzi za kuchakachua. Mwaka 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Bado usinunue dizeli ya madumu barabarani kwa sababu ni nafuu. Jaza kituo unachokiamini, dai risiti, na badilisha chujio la dizeli kwa wakati. Mwaga maji yanayokusanyika chini ya chujio, hasa masika.

4. Piga hesabu kabla ya kulipa

Bei za spea Gerezani zinapanda na kushuka, kwa hiyo shika njia ya kuhesabu badala ya kushika bei.

Kwanza, hesabu vipande. Prado ya dizeli ina nozeli 4, Discovery ina 6. Uliza bei ya moja, zidisha.

Pili, uliza bei tatu kwa kila spea: mpya ya kampuni, mpya ya kuigiza, na mtumba. Ukikuta spea ya gari lako haipo Kariakoo mpaka iagizwe, ongeza na siku ambazo gari litalala gereji.

Tatu, tenga akiba. Ushauri wangu: robo ya hela yote isiguse gari. Kama una milioni 40, gari pamoja na usajili na bima lisizidi milioni 30. Hizo 10 ni za mikanda, oili, matairi na yale yasiyoonekana. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, anza na kikokotoo cha TRA mtandaoni, maana gari likizeeka ushuru wa uchakavu unaongezeka.

Nne, mafuta. Tuseme unakwenda sokoni kilomita 70 kwenda na kurudi, na gari linakula lita 12 kwa kilomita 100. Hiyo ni karibu lita 8 na nusu kwa safari. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huo, kisha linganisha na kukodi kirikuu siku za kupeleka kuku tu. Wengi wakifika hapa wananyamaza.

5. Kagua kama unavyokagua mtamba

1. Fika asubuhi injini ikiwa ya baridi. Gusa boneti. Ukiikuta ya moto, uliza kwa nini wameliwasha kabla hujafika.
2. Fungua mfuniko wa oili. Rangi ya maziwa ni maji yameingia, uzito wa lami ni masizi.
3. Discovery iache imesimama saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, uone kama inalala. Ipandishe na kuishusha.
4. Pima kwa kompyuta ya aina ya gari hilo, kwa fundi wako, si fundi wa dalali.
5. Dai kumbukumbu za matengenezo. Kama hazipo, hesabu kwamba mikanda haijawahi kubadilishwa.
6. Endesha mpaka gari lipate moto, ukiangalia mshale wa joto na giaboksi inavyobadilisha.

Ukishanunua, badilisha oili kila kilomita 5,000 hadi 7,000, tena oili sahihi ya injini hiyo. Vitabu vya Ulaya vinaruhusu zaidi ya kilomita 20,000, lakini vimeandikwa kwa barabara zao.

Msimamo wangu

Kama gari ni la kazi na unalazimika kuwa na dizeli, chukua Prado yenye kumbukumbu, au pikapu ya kawaida. Discovery mchukulie mtu mwenye kipato kingine nje ya banda na fundi anayeijua gari hiyo. Na yeyote utakayemchukua, asinunuliwe kwa hela ya vifaranga. Banda likiwa tupu wiki sita, wateja wako wa hoteli wanahamia kwa jirani, na kuwarudisha ni kazi kuliko kufufua injini.

Wiki ijayo tunarudi bandani: namna ya kupunguza vifo vya vifaranga siku saba za mwanzo. Kazi njema.