Mboga za Embu na Sumu Iliyomo Guniani

Sisi watu wa Pwani tukitaja Meru, neno la kwanza kututoka mdomoni ni miraa. Twasahau kwamba hata mbaazi tunazokula na mahamri asubuhi hulimwa sana kule, katika nchi kavu ya Tharaka na Mbeere, chini ya miinuko ya Meru na Embu. Wenyewe huziita njugu, basi Mpwani akiuziwa njugu sokoni Embu asidhani amepewa karanga.

Katika soko hilo hilo ataona mafungu ya majani yaitwayo terere na managu. Asishangae. Ndiyo mchicha na mnavu wetu, mboga ambazo bibi zetu walizipika kwa tui la nazi, na ambazo vijana wa leo, wa bara na wa Pwani, huziona ni chakula cha mtu aliyekosa nyama.

Majani hayo yana khabari inayohusu maradhi ya saratani, lakini lazima tuanze na mahindi.

Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Ukambani, watu walikula mahindi yaliyoota kuvu. Waliougua ni 317, na waliofariki 125. Sumu ya kuvu hilo huitwa aflatoksini. Ikiingia nyingi kwa mara moja huharibu ini na kuua upesi. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Wala moto wa jikoni hauimalizi, uwe wa sima au wa githeri.

Huko Qidong, nchini China, ambako saratani ya ini imewasumbua watu sana kwa sababu kama hizo, wataalamu waliwapa watu wazima klorofilini, dawa itengenezwayo kutokana na ile rangi ya kijani ya majani. Nusu ya watu 180 waliipata mara tatu kwa siku kwa muda wa miezi minne, na nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: katika mkojo wa waliotumia klorofilini, alama ya madhara ya sumu ile ilipungua kwa asilimia 55. Yaelekea rangi hiyo huishika sumu tumboni, zikatoka pamoja chooni kabla haijafika kwenye ini.

Hapo msomaji asikimbilie kusema mchicha ni dawa ya saratani. Kilichopimwa ni alama katika mkojo, si wagonjwa waliopona, na klorofilini si sahani ya mnavu.

Tena kuna kisa cha Finland. Rangi ya karoti, papai na maembe huitwa beta-karotini, na wataalamu walitumaini itawakinga wavutaji sigara. Wavutaji zaidi ya 29,000 walishiriki katika uchunguzi huo, wengine wakipewa vidonge vyake. Mwaka 1994 ilionekana kwamba waliovimeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao! Kula papai ni jambo moja. Kuitoa rangi yake na kuimeza peke yake kwa wingi ni jambo lingine. Ndiyo sababu mimi siwaamini wauzao chupa za unga wa majani kwa bei ya kuruka. Hata manjano yetu ya mchuzi, yanayosifiwa sana siku hizi, mwili huchukua kidogo mno cha ile rangi yake. Aliyeona uvimbe mwilini aende hospitali, mboga zitamngoja nyumbani.

Ama mwenye mahindi, kazi yake yaanzia uani. Huko Embu wakulima hushauriwa kuyaanika juu ya turubai, si juu ya udongo, na kutoyatia guniani mpaka yakauke barabara. Punje zilizobadilika rangi huchambuliwa na kutupwa, ingawa punje yaweza kuwa na sumu bila kuonyesha kuvu lolote. Na zilizotupwa asipewe ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hadi katika maziwa.