Kawawa: Kiongozi Aliyejua Kushuka Ngazi

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera ya Tanganyika huru kupandishwa, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Alisema anakwenda kukijenga upya chama cha TANU, ambacho uhuru ulikuwa umekiacha bila kazi ya kueleweka. Kiti akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, mtu wa Songea ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 40. Kwa muda wa miezi kumi na ushee Kawawa ndiye aliyeendesha nchi. Serikali yake ikapitisha bungeni katiba ya jamhuri, iliyoweka rais mwenye madaraka ya utendaji na kukifuta cheo cha waziri mkuu, yaani cheo chake mwenyewe. Jamhuri ilipozaliwa tarehe 9 Desemba 1962, Nyerere akaapishwa kuwa Rais, naye Kawawa akawa Makamu wake.

Tunapowaenzi wazee waliotumikia taifa, mazoea yetu ni kuorodhesha vyeo walivyopanda. Kwa Kawawa, aliyefariki Desemba 31, 2009 katika Hospitali ya Muhimbili, orodha hiyo ni ndefu mno: Waziri Mkuu mara mbili, Makamu wa Rais, Waziri wa Ulinzi, Katibu Mkuu wa CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU. Lakini ikisomwa kwa kufuata miaka, inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa ni kushuka. Kwa maoni yangu huko kushuka ndiko kulikokuwa na manufaa makubwa zaidi kwa nchi, na ndiko tunakokusahau tukiimba sifa zake.

Tuanze na alikotokea. Kabla ya siasa, Kawawa alisoma Tabora, akawa mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, na akaonekana kwenye filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na TANU, kwa hiyo njia yake ikawa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho lao, TFL, kisha akaacha mshahara wa serikali ili afanye kazi hiyo kwa muda wake wote. Alikuja na kitu ambacho wasomi wengi wa TANU hawakuwa nacho, yaani makuli, madereva na makarani waliokwisha kugoma pamoja na kujua maana ya kushikamana. Kiongozi mwenye jeshi la namna hiyo nyuma yake, akishakabidhiwa serikali, ana kila kishawishi cha kutoirudisha.

Wako watakaosema kwamba hakuirudisha, kwa kuwa haikuwahi kuwa yake. Kwamba alikuwa mtiifu tu, mtu wa kushikilia kiti mpaka mwenyewe arudi. Hoja hii ina uzito, ila haielezi yaliyotokea mwaka ule. Miezi hiyo kumi haikuwa ya kupasha kiti joto. Serikali ya Kawawa ndiyo iliyopitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu na muhali. Mgomo, silaha iliyomjenga, aliuzima kwa mkono wake, na wenzake wa zamani wa TFL hawakulifurahia hata kidogo. Hizi ni sheria za kulaumiwa, na lawama yake ni haki. Lakini zinathibitisha kwamba alikuwa na madaraka kamili na aliyatumia. Mwenye uwezo wa kuwanyamazisha wafanyakazi angeweza pia kujitafutia kundi lake ndani ya chama. Hakulitafuta.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1977, ingawa husimuliwa mara chache. Cheo cha waziri mkuu kilikuwa kimerudishwa mwaka 1972, na Kawawa akakishika tena. Februari 1977 kikaenda kwa Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi katika baraza lile lile na mdogo wake kwa zaidi ya miaka kumi. Kawawa akapewa Ulinzi, wizara ile ile aliyokuwa akiishika Sokoine. Kwa lugha ya ofisini, bosi na msaidizi walibadilishana meza. Wanasiasa wengi wangeugua ghafla au kuomba ubalozi wa mbali. Yeye alikwenda wizarani, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera, waziri mwenye dhamana ya jeshi alikuwa mtu aliyeifahamu serikali nzima, wizara hadi mkoa. Vita ile ililishwa na malori, mafuta, chakula na wakuu wa mikoa waliojua kutii simu moja. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi, aliyewahi kuwa waziri chini ya Kawawa, akawa Rais. Kawawa akaendelea na ukatibu mkuu wa chama mpaka 1990.

Pingamizi zito kuliko lile la kwanza ni vijiji. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na mwisho uwe 1976. Waziri Mkuu wa kipindi hicho alikuwa Kawawa. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi, wakatupwa mbali na mashamba na visima vyao. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika, ambavyo wakulima wa kahawa na pamba walikuwa wamevijenga tangu enzi za mkoloni. Anayemtetea kwa kusema kwamba alitumwa anamvunjia heshima bila kujua, maana mtu mzima wa cheo kile hatumwi kama tarishi. Tena utiifu ule ule tunaoupamba mwaka 1962 ndio uliomfanya awe mtekelezaji hodari wa amri iliyohitaji mtu wa kuibishia. Hatuwezi kuuchukua utiifu wake pale ulipotufaa tu, halafu ule wa vijijini tuubandike jina la mtu mwingine.

Hata hivyo mambo mawili haya si kitu kimoja. Kukubali kuondoka kwenye kiti ni suala la mtu na nafsi yake. Kutokuuliza swali ukiwa kitini ni suala la utaratibu mzima wa chama kimoja, ambamo mwenye swali hakuwa na mahali pa kuliulizia. Oscar Kambona, waziri aliyetoka hadharani kuzungumza na askari walioasi Januari 1964 huku Nyerere na Kawawa wakiwa wamefichwa, alijiuzulu mwaka 1967 na kuishia uhamishoni London. Kati ya kutii na kukimbia nchi, njia ya tatu haikuwapo. Kawawa hakuwa peke yake katika kuinyima nchi njia hiyo, ingawa sheria ya kizuizini ya 1962 ilipita mikononi mwake. Ushirika ulirudishwa kwa sheria mwaka 1982, mwaka ule ule alioshika ukatibu mkuu wa CCM. Serikali iliyovunja ndiyo iliyorudisha, na yeye alikuwa serikalini wakati wa kuvunja, akawa kiongozi wa chama wakati wa kujenga upya.