Nyumba ya kasuku: ile nzuri na ile mbaya



Tangu mwanzo wa mwezi huu watu wanapita ku baraza ya interna kuangalia kasuku. Wengine wanamupigia miluzi, na wadogo wa mwaka wa kwanza wanauliza kila siku: «Kapita, atasema wakati gani?» Lakini wandugu wa mwaka wa tano walituuliza swali lenye nguvu zaidi: «Wazungu wako na mabustani makubwa ya ndege, watu wanalipa feza kuingia kuangalia kasuku. Kama wao wanawafunga, sisi tumekosa nini?» Tuliahidi kujibu mu gazeti letu. Jibu njo hili.

Kwanza tuseme namna kasuku huyu alivyofika. Kisha likizo, ndugu mumoja wa shule yetu alirudi na kasuku sita mu kitunga. Alitaka kuwauza apate minervali. Sisi tulijua, na hatukusema neno; tena tulimusaidia kushusha kitunga toka mu mutumbwi. Siku ya tatu wawili walikuwa wamekufa. Mwisho wa juma alibaki mumoja tu. Mununuzi hakuja, minervali haikulipwa, na ndege watano tuliwazika nyuma ya jiko. Hatumulaumu ndugu yule peke yake. Yeye alikuwa na shida. Sisi tulikuwa na macho.

1. Kasuku ni ndege wa namna gani?

Hapa Maniema jina lake linatuzunguka. Mutu wa Kindu anasema «ninakaa Kasuku», maana ni komini ya muji, na kuna muto Kasuku vilevile. Lakini maisha ya ndege mwenyewe wengi hatuyajui.

Kasuku wetu ni wa rangi ya majivu, mukia mwekundu. Urefu wake ni sentimetre 33 hivi, na uzito haufiki nusu kilo. Anataga mu shimo la muti murefu, mara nyingi mayai 3 ao 4. Mama anayalalia karibu siku 30, na watoto wanakaa mule mu shimo karibu miezi 3 mbele ya kuruka. Chakula anachopenda sana ni ngazi. Anaweza kuishi miaka 40 na zaidi: ni kusema, kasuku mumoja anaweza kumushinda mwalimu wetu mukubwa mu kazi. Na hapendi kuwa peke yake. Magaribi wanakusanyika wengi na kulala pamoja ku miti yao.

Juu ya akili yake, mama mumoja mwenye elimu wa Amerika, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa namna hii mu duka la Chicago mwaka 1977, akamupa jina Alex. Alimufundisha miaka 30. Alex alijua maneno zaidi ya 100, alitaja rangi za vitu, alihesabu mpaka sita. Alikufa mwaka 2007. Basi ndege mwenye akili hivi, ukimuweka peke yake mu sanduku la sabuni, roho yake inachoka. Wengine wanaanza kujingoa manyoya wenyewe mpaka kifua kinabaki wazi. Huyu wa baraza yetu amekwisha kuanza. Mukipita, muangalie chini ya bawa la kushoto.

2. Alama tatu za nyumba nzuri

Kwa kujibu wandugu wa mwaka wa tano: si kila nyumba ya ndege ni moja. Mutu akifika mbele ya nyumba ya kasuku, pahali po pote mu dunia, ajiulize maswali matatu.

a) Anaweza kuruka? Si kupanua mabawa tu, lakini kuruka kutoka muti mumoja mpaka mwingine.

b) Ana wenzake? Kasuku mumoja kati ya watu mia moja ni mupweke.

c) Ametoka wapi? Alizaliwa mule, aliokolewa, ao alikamatwa mu pori na kuuzwa? Swali hili linapita yote, na ni lile watu wanasahau kuuliza.

3. Mahali panapofaa kutembelea

Kama siku moja mutu wetu atapata bahati ya kusafiri, tumwonyeshe mahali pa kwenda.

Loro Parque iko ku kisiwa cha Tenerife, inchi ya Hispania, mu bahari karibu na pwani ya Afrika. Ilifunguliwa mwaka 1972 na kasuku 150. Leo aina za kasuku mule ni mamia. Tangu mwaka 1994 wako na shirika lao la kulinda kasuku mu inchi mbalimbali.

Birds of Eden iko Plettenberg Bay, Afrika ya Kusini, tangu mwaka 2005. Walitandaza wavu mukubwa juu ya pori lenyewe, hektare 2.3. Piga hesabu: ni kama viwanja vitatu vya mupira. Watu njo wanaingia ndani na kutembea, na ndege wanapita juu ya vichwa vyao. Wengi wa ndege wale walikuwa zamani mu matundu ya nyumba za watu.

Singapore, bustani ya Jurong ilipokea watu toka mwaka 1971 mpaka mwaka 2023. Sasa imefungwa, na ndege walihamishwa mu bustani mupya inayoitwa Bird Paradise, hektare 17, yenye ndege zaidi ya 3,500.

Karibu na sisi kuna Entebbe, Uganda. Pale kuna bustani ya miti, iliyoanzishwa mwaka 1898, na kasuku wa rangi ya majivu wako juu ya miti wenyewe, bila wavu, bila tundu. Unainua kichwa tu.

Na mu inchi yetu yenyewe kuna Lwiro, Kivu ya Kusini, karibu na Kahuzi-Biega. Kituo kile kilianza mwaka 2002 kwa kulea sokomutu waliookolewa, na kinapokea kasuku vilevile, wale waliokamatwa mukononi mwa wauzaji. Kabla ya kwenda, mutu aulize kwanza habari ya njia.

Mumeona? Zamani mabustani mengi yalinunua ndege wa pori, hatufichi. Lakini Umoja wa Ulaya ulifunga mulango kwa ndege wa pori tangu mwaka 2005. Leo bustani nzuri inaonyesha ndege waliozaliwa mule ao waliookolewa. Tena kuna nyumba zinazorudisha. Kuna kasuku wa buluu wa Brazili anayeitwa Spix: wa mwisho mu pori alipotea mwaka 2000. Wale waliozaliwa mu nyumba za watu njo waliokoa ukoo. Mwaka 2022 wanane walifunguliwa tena kule Brazili. Nyumba ya namna hiyo ni kama hospitali. Kitunga chetu kilikuwa njia ya kaburi.

4. Kitunga kinatoka wapi?

Wengi wetu tunajua kazi ile. Wanafunga kasuku mumoja juu ya muti aite wenzake, wanapakaa ulimbo ku matawi, na wenzake wakitua wananaswa. Mara nyingine wanaangusha muti muzima juu ya watoto wawili wa mu shimo; na shimo la namna ile halipatikani tena upesi. Kisha ni kitunga, mutumbwi, ndege. Wengi wanakufa njiani mbele ya kuuzwa.

Tangu mwaka 1975 kasuku wa pori zaidi ya milioni 1 waliuzwa kutoka Afrika kwenda inchi za inje. Ghana walikuwa nao wengi. Watu wenye elimu walipohesabu tena, mu 100 walibaki 10 ao chini. Juu ya ile, mwaka 2016, mu mukutano wa Johannesburg, inchi nyingi zilipatana kukataza biashara ya kasuku wa pori kati ya inchi na inchi.

5. Na sisi je?

Kwanza, sanduku la sabuni limevunjwa. Bwana Prefe alitupa chumba kidogo cha depo ya zamani. Wa mwaka wa sita wametia waya ku dirisha na matawi ndani. Manyoya ya mabawa yalikatwa na mutu tusiyemujua, na yatakawia karibu mwaka kuota tena. Kumufungua leo ni kumuua. Bwana Prefe ataandika barua kwa wakubwa wa mazingira watuambie apelekwe wapi. Wakati tunangoja, mutu anayepita shambani alete ngazi, si mukate. Na miluzi iishe, tafazali.

Pili, juu ya minervali. Komite imekubali kwamba posho ya kulima shamba la shule siku ya posho itaingia mu sanduku la kusaidia, na ndugu yetu amekwisha kulipiwa nusu. Mwenye shida aje kwetu mbele ya kwenda mu pori. Hatutamucheka.

Tatu, tunawaalika matembezi. Siku ya mungu, saa kumi na moja na nusu, tukutane kando ya Lualaba. Kasuku wanavuka muto kwenda kulala. Kuingia ni bure. Juma lililopita tulihesabu 17. Muzee mulinzi wetu anasema zamani watu hawakuhesabu, maana ilikuwa kazi bure: walikuwa wanapita mpaka giza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita