Gari la Dizeli Lisilotaka Kuwaka Alfajiri

Kituo cha polisi cha mlimani aghalabu huwa na gari moja tu, na gari hilo ni kuukuu. Raia akibisha hodi saa kumi za usiku na habari ya kuvamiwa, au mama mjamzito akiletwa machelani, watu wote humtazama dereva. Dereva naye huzungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe na kunyamaza. Wakati kikosi kinasukuma gari gizani, mwizi anavuka mto. Ndiyo maana leo tumeona vema tuzungumze na ndugu zetu askari na polisi juu ya ugonjwa huu, ambao mara nyingi hutibika kwa spana mbili na taa ndogo ya kupimia umeme.

Tuchukue mfano wa Land Rover Series III, zilizotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, zenye injini ya dizeli ya sentimita za ujazo 2,286. Injini hii haina cheche. Pistoni huibana hewa hata ikabaki sehemu moja ya 23 ya ujazo wake, hewa ikapata moto mkali, na dizeli ikirushwa humo huwaka yenyewe. Lakini mahali kama Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyembamba na alfajiri ni ya baridi, na chuma baridi hunyonya joto lile kabla ya dizeli kuwaka. Hapo ndipo zinapohitajiwa plagi za hita, moja katika kila silinda.

Kabla ya kushika spana, mtazame shahidi, yaani moshi. Stata ikizunguka na moshi usionekane kabisa, dizeli haifiki. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli maana yake ni kwamba dizeli inafika, ila haiwaki. Moshi wa buluu ni oili. Na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lipelekwe karakana.

Isikilize pia stata. Ikizunguka kwa uvivu, usiilaumu injini kwanza. Safisha vichwa vya betri, kisha uufuate waya mnene unaounganisha injini na chesisi. Waya huo husahauliwa na watu wote mpaka ushikwe na kutu. Na oili nzito kuliko iliyoagizwa kwa injini huigeuza alfajiri kuwa uji mzito.

Sasa twende kwenye plagi. Katika injini hizi za zamani plagi nne zilifungwa kwa mfuatano, kama askari walioshikana mikono. Umeme hupita ya kwanza ndipo ufike ya pili. Ikikatika moja, zote nne hupoa. Washa hita, funga waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye chuma cha injini, na kwa ncha ya pili gusa kila kiungo kwa kufuata njia ya umeme. Pale taa inapoacha kuwaka, plagi uliyoivuka punde ndiyo iliyokufa. Magari mengi yamekwisha badilishwa yakawekewa plagi za volti 12, kila moja ikipata umeme wake. Hizo ziondolee waya, kisha unganisha taa kati ya chanya ya betri na kichwa cha plagi. Isipowaka, plagi hiyo ni ya kutupwa. Gari lenye plagi moja iliyokufa namna hii huwaka, lakini hutetemeka kama mwenye homa, likitembelea silinda tatu, mpaka injini ipate joto.

Ikiwa plagi ni nzima na mtetemo upo, iache injini iwake polepole, ulegeze nati ya bomba la nozeli moja baada ya moja na kuikaza tena. Ukilegeza ya silinda nzima, mtetemo huzidi; ukilegeza ya silinda mvivu, hakuna kinachobadilika. Mikono na macho yakae mbali, kwani dizeli hiyo hutoka kwa kani ya kutoboa ngozi. Kisha badilishana nozeli hiyo na ya jirani, kwa washa mpya za shaba. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, umempata mkosaji. Ukibaki palepale, kagua nafasi za valvu, ambazo katika injini hii ni milimita 0.25, na baada ya hapo ringi za pistoni.

Kuna ugonjwa mwingine unaodanganya. Gari lililolala usiku kucha hukataa kuwaka, lakini likizimwa mchana na kuwashwa tena, huitika mara moja. Huenda dizeli inarudi tangini usiku na upepo kuingia kwenye mabomba. Alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo, sukuma mkono wa pampu ndogo ya dizeli mara kadhaa. Gari likiwaka vizuri siku hiyo, tafuta kiungo kilicholegea kati ya tangi na filta. Mara nyingi kinachopitisha upepo ni washa chakavu ya senti chache.

Wapo madereva wanaowasha kuni chini ya sampu, na wengine hupuliza etha kwenye njia ya hewa. Sisi twayakataa yote mawili. Moto chini ya gari lenye dizeli inayovuja hauhitaji maelezo. Etha nayo, ikikutana na plagi zenye moto, hulipuka kabla ya wakati wake na yaweza kuvunja ringi au pistoni, na hapo gari lililokuwa na ugonjwa wa plagi moja hubaki juu ya mawe miezi mingi likingoja vipuri. Dereva wa zamu azipe hita sekunde 20 hadi 30 kwa saa yake ya mkononi, ndipo azungushe stata.